Spesa za Magurudumu katika Kona za Usambara

Abiria aendaye Lushoto huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha katika mji mdogo wa Mombo, mahali ambapo reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1905. Mombo iko kwenye kimo cha mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400. Kati ya miji hiyo miwili ipo barabara ya lami yenye urefu wa kilometa 33 hivi. Barabara hiyo hupanda kando ya bonde, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, ikijipinda tena na tena, huku mlima ukiwa upande mmoja na genge upande wa pili. Mbele ya Lushoto, kuelekea Magamba, Lukozi, Mlalo na Mtae, njia huzidi kuwa nyembamba, na penye udongo mwekundu mvua za masika huleta utelezi.

Njia hii ndiyo mlango wa Usambara Magharibi. Kabichi, viazi, karoti na matunda ya nchi baridi hushuka kwa njia hii kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Abiria, saruji na mafuta hupanda kwa njia hii hii. Dereva anayeipita kila siku hana budi kujiuliza namna ya kulifanya gari lake lishike barabara vyema zaidi. Mojawapo ya majibu anayopewa ni kununua spesa za magurudumu, kwa hoja kwamba gari lililotanuliwa miguu halipinduki.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtu aliyesimama akiwa ametanua miguu ni vigumu kumwangusha kuliko aliyeibana. Lakini sayansi haitosheki kusema kwamba jambo fulani husaidia. Huuliza pia linasaidia kwa kiasi gani, na kwa gharama gani. Maswali hayo mawili yanaweza kujibiwa kwa hesabu za shule ya sekondari, na majibu yake yanahusu maisha ya watu.

SPESA NI NINI?

Gurudumu la motokaa halishikani na ekseli moja kwa moja. Mwishoni mwa ekseli ipo habu, yaani kitovu cha chuma kinachozunguka juu ya beringi. Habu ina bolti nne, tano au sita zilizotokeza nje. Rimu, ambayo mafundi wengi huiita ringi, huvishwa kwenye bolti hizo na kubanwa kwa nati. Spesa ni bamba la mviringo la metali linalowekwa kati ya habu na rimu. Kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu nje.

Umbali kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia la ekseli moja unaweza kuitwa upana wa nyayo. Spesa ya milimeta 30 ikifungwa kila upande, upana wa nyayo huongezeka kwa milimeta 60.

Spesa ni za namna mbili. Ya kwanza ni bamba jembamba, aghalabu la milimeta 3 hadi 5, lenye matundu tu. Rimu huendelea kubanwa kwa bolti zile zile za gari. Ya pili ni bamba nene, la milimeta 20 na zaidi, lenye bolti zake lenyewe. Hili hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hufungwa juu yake. Spesa za unene wa katikati huhitaji bolti za habu zing'olewe na kuwekwa nyingine ndefu.

Watu huzitaka kwa sababu mbalimbali. Mwenye gari aliyeweka matairi mapana kuliko ya asili huona yanakwaruza springi au shokamzoba. Mwingine amenunua rimu za gari la aina nyingine, na gurudumu limeingia ndani mno. Wengine hutaka sura ya gari ipendeze. Wapo pia wanaorekebisha tofauti iliyotoka kiwandani. Mfano ulio mashuhuri ni wa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70. Mwaka 2007 baadhi ya magari hayo yalipoanza kuwekewa injini kubwa ya dizeli ya V8, sehemu ya mbele ililazimika kutanuliwa ili injini ienee. Ekseli ya nyuma haikutanuliwa. Nyayo za mbele zikawa pana kuliko za nyuma kwa milimeta zipatazo 95. Katika matope au mchanga, magurudumu ya nyuma ya gari la namna hiyo hayapiti katika njia iliyokwisha kukanyagwa na yale ya mbele, bali huchimba njia yake. Hapa haja ya kuyatoa nje magurudumu ya nyuma inaeleweka.

Kwa hiyo spesa si kitu kiovu kwa asili yake. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani imepata kuziuza kama sehemu halali za magari yake. Lakini katika nchi hiyo hiyo spesa huhesabiwa kuwa badiliko la muundo wa gari, na sharti ziwe na hati ya ukaguzi. Hazichukuliwi kuwa pambo.

HESABU YA KUPINDUKA

Gari linapokata kona, barabara huyasukuma matairi kuelekea ndani ya kona. Kani hiyo ya msuguano iko chini, usawa wa ardhi. Lakini uzito wa gari umekusanyika juu, kwenye kitovu chake cha uzito. Kwa kuwa kani iko chini na kitovu kiko juu, gari hutaka kuangukia nje ya kona. Kinachozuia ni uzito wenyewe, unaokandamiza chini kwa umbali wa nusu ya upana wa nyayo kutoka kwenye matairi ya nje.

Upana wa nyayo uitwe T na kimo cha kitovu cha uzito kiitwe h. Uwezo wa gari kustahimili kupinduka hupimwa kwa uwiano T ÷ 2h. Kwenye kona ya nusukipenyo r, mwendokasi wa kupinduka, v, hupatikana kwa kanuni hii:

v² = g × r × T ÷ 2h

ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde.

Chukulia gari la tani 2 ambalo T yake ni mita 1.42 na h ni mita 0.80. Juu ya paa lake yamepakiwa magunia mawili ya viazi, jumla kilo 200, ambayo kitovu chake kiko mita 2.0 kutoka ardhini. Kimo kipya cha kitovu cha uzito ni:

(2,000 × 0.80 + 200 × 2.0) ÷ 2,200 = mita 0.91 hivi.

Magunia mawili tu yamekiinua kitovu kwa sentimeta 11. Kwenye kona kali ya nusukipenyo cha mita 25, hesabu hutoa majibu haya:

Gari lenye magunia juu ya paa, bila spesa: T ÷ 2h ni 0.780, na gari hupinduka likifikia kilometa 49.8 kwa saa.

Gari lile lile, likiwa na spesa za milimeta 30 kila gurudumu: T ÷ 2h ni 0.813, na gari hupinduka likifikia kilometa 50.8 kwa saa.

Gari lile lile, bila spesa, lakini magunia yameteremshwa yakawekwa ndani, kitovu chake kikiwa mita 0.80 kutoka ardhini: T ÷ 2h ni 0.888, na gari hupinduka likifikia kilometa 53.1 kwa saa.

Msomaji na ayatazame majibu hayo kwa makini. Spesa nne nene zimeongeza kilometa moja tu kwa saa. Kuteremsha magunia mawili, kazi ya dakika tano isiyogharimu hata senti, kumeongeza kilometa zaidi ya tatu. Tena mwendokasi huingia katika kanuni ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilometa 50 hadi 40 kwa saa hupunguza kani ya kona hadi asilimia 64 ya ile ya awali. Hakuna spesa iwezayo kumpa faida kama hiyo.

Ifahamike pia kwamba hesabu hii imelichukulia gari kuwa kitu kigumu kisichonepa. Gari halisi hulala kidogo kwenye springi zake na matairi yake hubonyea, hivyo hupinduka mapema kuliko hesabu isemavyo. Tarakimu hizi ni za kulinganishia. Zisitumike kujaribia mwendo barabarani.

Kuna jambo jingine. Gari hupinduka tu iwapo msuguano unatosha kulishikilia barabarani hadi lipinduke. Lami ikilowa na matairi yakiwa yameisha, kizidisho cha msuguano chaweza kushuka hadi 0.4. Kwenye kona ile ile ya mita 25 gari litateleza likifikia kilometa 36 kwa saa hivi, kabla halijakaribia kupinduka. Katika kanuni ya kuteleza upana wa nyayo haumo kabisa. Kwa hiyo siku ya mvua, wakati barabara ya Soni ni ya hatari zaidi, spesa hazizuii utelezi. Matairi yenye kashata nzuri na mguu mwepesi ndivyo vinavyosaidia.

GHARAMA YA UPANA

Faida ni ndogo; gharama nayo ni kiasi gani? Gurudumu la nyuma la gari letu la mfano hubeba kilo zipatazo 600, yaani nyutoni 6,000 kwa makadirio. Likisogezwa nje milimeta 30, momenti inayoongezeka kwenye habu ni 6,000 × 0.03, sawa na nyutoni-meta 180. Ni sawa na mtu wa kilo 60 kuning'inia kwenye ncha ya wenzo wa sentimeta 30 uliochomekwa katika habu, asishuke mchana wala usiku. Watengenezaji wengi huipanga habu ili uzito ugawanyike vizuri kati ya beringi ya ndani na ya nje. Gurudumu likitoka nje, beringi ya nje hubeba sehemu kubwa zaidi, na maisha yake hufupika.

Gharama ya pili huonekana kwenye magurudumu ya mbele. Kila gurudumu la mbele hugeuka kwa kufuata mstari wa mhimili wake. Mstari huo ukirefushwa hadi ardhini hufika karibu na katikati ya unyayo wa tairi. Spesa huutenga unyayo na mstari huo. Anayesukuma mlango karibu na bawaba huona ni mzito, lakini akisukuma mbali na bawaba mlango hufunguka kwa urahisi. Vivyo hivyo, shimo au jiwe likigonga tairi lililotolewa nje huwa na wenzo mrefu zaidi wa kuupokonya usukani mikononi mwa dereva. Breki ya upande mmoja ikikamata kuliko ya upande wa pili, gari huvutwa kando kwa nguvu zaidi. Kwenye njia yenye genge, jambo hilo si dogo.

Gharama ya tatu ni nafasi. Gari lililotanuka milimeta 60 hupita milimeta 30 karibu zaidi na ukingo wa barabara na waendao kwa miguu. Tairi likitokeza nje ya madigadi, hurusha mawe na matope ubavuni mwa gari na kwa wapita njia.

KINACHOSHIKILIA GURUDUMU

Watu wengi hudhani gurudumu linaning'inia kwenye bolti kama koti linavyoning'inia kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana mithili ya mpira mgumu, nayo hulibana gurudumu kwenye uso wa habu. Mbano huo ndio unaozaa msuguano kati ya nyuso mbili, na msuguano ndio unaobeba gari. Maadamu mbano upo, bolti haipindwi.

Mbano ukilegea, mambo hubadilika. Rimu huanza kucheza, na kila gurudumu linapozunguka bolti hupindwa huku na huku. Tairi lenye mzingo wa mita 2.5 huzunguka mara 13,200 kutoka Mombo hadi Lushoto. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika bila ya kuvutwa kwa nguvu; huo ndio uchovu wa metali, nao huikata bolti vivyo hivyo. Mahali palipokuwa na mgusano mmoja, wa habu na rimu, spesa huweka migusano miwili. Kila mgusano unahitaji kuwa safi, bapa na uliobanwa sawasawa. Spesa nene ina pia nati ambazo hazionekani rimu ikiwa imefungwa. Nati hizo zikilegea, hakuna atakayeziona.

Joto nalo huongeza mtihani. Gari la kilo 2,200 linaloshuka mita 1,000 kutoka Lushoto hadi Mombo hupoteza nishati ya megajouli 21.6 hivi. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha lita 64 za maji yaliyokuwa na nyuzijoto 20. Dereva asiyetumia gia nzito huitupa karibu yote kwenye breki, na breki huipeleka sehemu yake kwenye habu. Alumini, ambayo spesa nyingi hutengenezwa kwayo, hutanuka kwa joto takriban maradufu ya chuma cha pua au cha bolti. Kupata joto na kupoa, safari baada ya safari, huujaribu mbano wa nati. Ndiyo maana spesa iliyotulia mjini Tanga yaweza kulegea mlimani.

KUCHAGUA SPESA

Mwenye gari na ajiulize kwanza kama anazihitaji. Ikiwa tatizo ni rimu isiyofaa, dawa bora ni rimu inayofaa. Rimu nyingi huwa na alama ya herufi ET na tarakimu, kwa mfano ET 45. Tarakimu hiyo ni umbali, kwa milimeta, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaogusana na habu. Rimu ya ET 35 huliweka gurudumu nje kwa milimeta 10 kuliko rimu ya ET 45 yenye upana ule ule, bila kuongeza mgusano wa pili. Hata hivyo mzigo kwenye beringi huongezeka sawasawa na wa spesa ya milimeta 10, kwa kuwa beringi haijui gurudumu limesogezwa kwa njia gani.

Ikiwa spesa zinahitajika kweli, vipimo vinne havina budi kulingana.

Kwanza, duara la bolti. Kwa habu ya bolti nne au sita, hupimwa umbali kati ya vitovu vya bolti mbili zinazokabiliana. Toyota Probox ina bolti nne kwenye duara la milimeta 100. Kwa habu ya bolti tano hakuna bolti inayokabiliana na nyingine. Hupimwa umbali kati ya bolti mbili jirani, kisha hugawanywa kwa 0.588, ambayo ni sine ya nyuzi 36. Magari mengi ya Toyota yenye bolti tano hutumia duara la milimeta 114.3, na bolti jirani zimeachana milimeta 67.2. Magari mengi ya Volkswagen hutumia duara la milimeta 112, na bolti jirani zimeachana milimeta 65.8. Tofauti ni milimeta 1.4 tu. Fundi mwenye nguvu aweza kulazimisha moja liingie mahali pa jingine, lakini bolti zitakuwa zimepinda tangu siku ya kwanza.

Pili, tundu la katikati. Habu ina mdomo wa mviringo unaoingia katika tundu la rimu na kuliweka gurudumu katikati. Tundu la spesa sharti liukumbatie mdomo huo bila kuchezacheza, na spesa nene iwe na mdomo wake wa kuipokea rimu. Bila hivyo gurudumu hukaa kando kidogo na usukani hutetemeka.

Tatu, hesi za bolti. Nati ishike hesi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti. Bolti ya milimeta 12, ambayo hesi zake zimeachana milimeta 1.5, yahitaji nati izunguke mara 8 kamili. Spesa nyembamba ya milimeta 5 hula mizunguko zaidi ya mitatu. Hesabu ya mizunguko haihitaji chombo chochote, na kila dereva aweza kuifanya kwa mkono wake.

Nne, unene. Bolti za asili zisitokeze nje ya spesa nene. Zikitokeza hata milimeta 3, huizuia rimu isilale bapa, isipokuwa rimu ikiwa na vishimo vya kuzipokea. Unene uwe mdogo kadiri haja inavyoruhusu, na spesa za ekseli moja ziwe sawa pande zote mbili.

Kuhusu metali, zinazoaminika ni za chuma au za aloi ya alumini iliyofuliwa, zikakerezwa kwa mashine hadi zikawa bapa kabisa. Alumini ya kusubu, yenye vipovu ndani, haifai. Washa zilizopangwa kwenye bolti, bamba lililokatwa kwa moto wa gesi, au spesa mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, vyote havifai hata kwa safari moja. Washa hugusa rimu sehemu ndogo tu, na msuguano unaotegemewa haupatikani.

KUFUNGA

Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe au magogo, kisha liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye vigingi imara. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu yote iishe, kwa maana kutu ya nusu milimeta leo ni ulegevu wa nusu milimeta kesho. Grisi na rangi zisiachwe kati ya nyuso.

Spesa ivishwe kwa mkono. Ikikataa kukaa bapa, isilazimishwe kwa nati, itafutwe sababu. Nati zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa kukabilianisha, si kwa kufuata duara. Kukaza kwa mwisho kufanywe kwa spana yenye kipimo, kwa kufuata kitabu cha gari na maelekezo ya mtengenezaji wa spesa. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni nyutoni-meta 103. Asiye na spana hiyo aweza kukisia kwa kanuni ya wenzo: kwenye spana ya nusu meta, kilo 21 zilizoning'inizwa kwenye ncha wakati spana imelala hutoa kiasi hicho. Mtu mzima akisimama juu ya spana hutoa mara tatu yake, na bolti yaweza kuvutika isirudi tena.

Rimu ikishafungwa kwa utaratibu huo huo, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na kushoto, na gari likandamizwe, ili kuhakikisha kwamba tairi haligusi popote. Baada ya kilometa 50 hadi 100 nati zote zikazwe upya. Kwa spesa nene, maana yake ni kuvua rimu na kuzikagua zile nati zilizofichika. Safari moja ya kwenda Lushoto na kurudi Mombo ni kilometa 66. Asiyekuwa tayari kuvua magurudumu manne baada ya safari hiyo ni heri asifunge spesa kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha gari bovu, na gurudumu lenye nati zilizolegea ni ubovu.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya bila gari. Kichukuliwe kipande cha mti chenye urefu wa sentimeta 20, upana wa 6 na kimo cha 8. Kitiwe ekseli mbili za waya na magurudumu manne ya vizibo. Spesa zikatwe katika bua la mtama au karatasi ngumu.

Kigari kiwekwe ubavu kwenye ubao, na mwanzi mwembamba ugongomewe kando ya magurudumu ya chini ili kisiteleze. Ubao uinuliwe taratibu upande mmoja hadi kigari kianze kupinduka. Kimo cha ubao kikigawanywa kwa umbali wake wa mlalo hupatikana tanjenti ya pembe, nayo ni sawa na T ÷ 2h. Jaribio lirudiwe mara tatu: kigari kitupu, kigari chenye spesa, na kigari chenye betri ya tochi iliyofungwa juu yake. Wanafunzi waandike majibu katika jedwali, kisha waamue wenyewe kipi kimebadilisha pembe zaidi.

Mji wa Lushoto hautashuka na kona za Soni hazitanyooka kwa sababu ya bamba la alumini. Spesa iliyochaguliwa kwa kipimo na kufungwa kwa uangalifu ina kazi yake halali: kulipa tairi nafasi, au kusahihisha nyayo. Kuipa kazi ya kulizuia gari lisipinduke ni kuipa kazi isiyoiweza. Kazi hiyo ni ya apakiaye mizigo na ashikaye usukani.

MASWALI

1. Gari lina upana wa nyayo wa mita 1.50, na kitovu chake cha uzito kiko mita 0.70. Tafuta T ÷ 2h kabla na baada ya kufunga spesa za milimeta 15 kila gurudumu. Kitovu kingeshushwa sentimeta ngapi ili kupata faida ile ile bila spesa?

2. Bolti ya gurudumu ina kipenyo cha milimeta 14, na hesi zake zimeachana milimeta 1.5. Nati izunguke angalau mara ngapi?

3. Eleza kwa nini spesa hazilisaidii gari lisiteleze kwenye barabara iliyolowa.